Mabasi ya stima Nairobi na ile pesa ya dizeli

Kila mtu akianza kuongea juu ya mabasi ya stima, yaani ya umeme, anaanza na hewa. Moshi, tabianchi, mapafu ya watoto. Sawa, sibishi, na ukishawahi kusimama pale steji ya Railways jioni nyuma ya basi mzee la dizeli, Isuzu NQR, inayong'ang'ana na gia ya kwanza huhitaji mtafiti akwambie kitu. Lakini mimi natoka familia ya matatu, haya mabasi ya abiria ya watu binafsi, baba alishika usukani miaka mingi na sasa shemeji yangu ana basi la watu 33 linaloenda Eastlands, na kwetu sijawahi kuona hata mtu mmoja akibadilisha gari juu ya hewa. Kinachoulizwa ni pesa ya siku itapita mikono ya nani. Na hiyo ndiyo sehemu inayorukwa kila mara, kwa magazeti na kwa hizo video za uzinduzi zenye waziri amekaa kiti cha mbele akitabasamu.

Kwa wale hawajui, pesa ya matatu inatembea hivi. Dere (dereva) na konda wanatoa gari saa kumi alfajiri, mwenye gari amewapa tageti ya siku, jioni lazima hiyo tageti imfikie, kwa mkono au kwa M-Pesa. Kila kitu kingine kinatoka juu: mafuta, ya Sacco (ushirika wa wenye matatu), ya wale vijana wa kuita abiria steji, ya kuosha gari, ya wakubwa wa barabarani (mnaelewa), chai, chakula. Inayobaki ni yao. Na kwa hiyo orodha yote hakuna kitu kikubwa kama mafuta, na mafuta yananunuliwa na dere, kesh, mahali dere anapenda, saa dere anapenda. Mwenye gari anaambiwa tu leo imekunywa ya elfu tisa. Ilikunywa ya elfu tisa kweli? Mungu ndiye anajua, na yule kijana wa pampu. Shemeji hajawahi kuamini hizo hesabu hata siku moja na bado analala usingizi, kwa sababu amekubali kwamba hapo kuna kitu cha dere na konda na akibana sana watamwachia gari na kesho hatakuwa na wafanyakazi.

Sasa basi la stima linaingia katikati ya hiyo hesabu.

Kampuni ya BasiGo walianza majaribio Machi 2022 na mabasi mawili ya BYD ya China, ya viti 25, aina ya K6, wakawapa Citi Hoppa na East Shuttle, wenye matatu, wayatembeze. Basi likichajiwa likajaa lilisemekana kwenda kilomita 250 hivi, ambayo kwa Nairobi ni siku nzima, matatu nyingi za mjini hazifiki hapo. Lakini kitu chenyewe hakikuwa basi, kilikuwa namna ya kulipa. Basi la stima ni ghali ju ya betri, kwa hiyo waliondoa betri kwenye bei ya basi. Wewe unanunua basi kwa shilingi milioni 5, karibu na bei ya lile la dizeli ulilozoea, halafu kila kilomita unalipa shilingi 20, na ndani ya hizo 20 kuna betri, chaji ya kila usiku na sevisi. Hiyo ndiyo bei waliyoanza nayo, baadaye mabasi yamekuja mengine makubwa na masharti yamebadilika badilika, ya leo waulize wenyewe. Ila wazo ni hilo hilo, kilomita ndiyo mita.

Piga hesabu na mimi. Tuseme basi lako la dizeli linaenda kilomita 4 kwa lita, kwa jam ya Jogoo Road hiyo ni namba ya huruma. Mwanzoni mwa 2022 dizeli Nairobi ilikuwa 110.60, kwa hiyo kilomita moja ni kama shilingi 28. Ukiambiwa 20 unasema hmm, nafuu kidogo, lakini sijui hii gari, sijui fundi wake, sijui nitaiuzia nani, wacha nikae. Na wengi walikaa. Halafu ruzuku ya mafuta ikaondolewa, Julai 2023 VAT ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16, shilingi ikalegea, na kufika Oktoba 2023 dizeli ilikuwa 205.47. Sasa kilomita hiyo hiyo ni shilingi 51. Gari likipiga kilomita 200 kwa siku dizeli imekula elfu kumi na kitu, na ile ya stima elfu nne. Elfu sita tofauti, kwa siku. Hapo ndipo shemeji alianza kuuliza maswali, na si yeye peke yake. Mimi naamini kabisa aliyeuza mabasi ya stima Nairobi ni yule mtu wa EPRA, mamlaka ya kawi, anayetangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, kuliko tangazo lolote. Kichekesho ni kwamba sheria ile ile ya fedha ya 2023 iliyopandisha VAT ya mafuta ndiyo ilifanya mabasi ya stima yawe na VAT sufuri, kwa hivyo serikali ilikusukuma na mkono mmoja na kukuvuta na ule mwingine, sijui kama walipanga ama iliangukiana tu. Kufika 2025 dizeli ilikuwa imeshuka, inachezacheza 160 na kitu, 170 na kitu. Hata hapo kilomita moja bado ilikuwa zaidi ya 40.

Haya. Elfu sita kwa siku, nani anakataa? Dere anakataa. Si kwa mdomo, kwa mdomo atasema ni gari nzuri bosi. Nilikuwa nimekaa hapo siku shemeji alimweleza dere wake hii maneno, tulikuwa tunakula, na mazungumzo yalikwenda hivi karibu neno kwa neno:

"Kwa hivyo bosi, mafuta siweki?"

"Huweki."

"Hata kidogo ya kuanzia?"

"Haina tenki, wewe."

Akatafuna kidogo. Halafu: "Na hizo kilomita nani anahesabu?"

"Gari lenyewe. Inatokea kwa simu yangu."

Jamaa akanyamaza mpaka chapati ikaisha.

Ndiyo hiyo. Ile elfu moja, elfu mbili zilizokuwa zinapotea kati ya pampu na daftari, zimekufa. Na pia kuna kitu kingine, dere akichoka mchana humpa mwingine gari, skwodi, apige raundi mbili tatu, na mwenye gari hajui. Kwa gari la stima mwenye gari anajua, anaona limetembea saa ngapi, limesimama wapi, limeenda kilomita ngapi. Kwa mwenye gari hiyo ni raha. Kwa kijana aliyekuwa anategemea hizo raundi mbili kulipa nyumba ni msiba, na sioni mtu akimtaja kwa hizo ripoti za kazi mpya.

Hii si mara ya kwanza mtu analeta teknolojia kwa matatu. Kuna ile ya 2014 ya kulipa kwa kadi, kila kampuni ilikuja na kadi yake, serikali ikasema kesh mwisho tarehe fulani, tarehe ikafika ikapita na konda bado ameshika noti kati ya vidole. Ilikufa kwa sababu iligusa mkono wa konda na haikumpa kitu. Leo abiria wanalipa kwa simu kama kawaida, lakini angalia namba unayotuma, mara nyingi ni ya konda mwenyewe. Basi la stima limepita kwa mlango mwingine, halijagusa nauli, limegusa mafuta tu. Nafikiri ndiyo maana bado liko hai. Wenye magari wenye akili wameona wapunguze tageti kidogo ama wamweke dere kwa mshahara wa mwezi, ile faida ya elfu sita igawanywe. Wasio na akili wanaweka zote mfukoni na wanashangaa kwa nini gari la stima limegongwa taa ya nyuma tena.

Kuna mambo ya kufurahisha yanayotokana na kulipa kwa kilomita, na sijaona mtu akiyaandika. Gari la dizeli likikaa kwa jam linakula pesa limesimama, ndiyo maana dere akiona Jogoo Road imeshika anakata kona anaingia mtaani, anapitia huko kwa mashimo na mitaro, anatokea mbele. Kwa stima kukaa kwa jam ni bure, na kuzunguka ndiyo gharama. Kwa hivyo dere yule yule aliyekuwa mwendawazimu sasa anakaa kwa laini yake kama mzungu. Na mziki! Vijana wanasema gari la stima haliwezi kuwa nganya, ile matatu ya madoido na mziki mkubwa, ju woofa itamaliza betri. Hapana. Woofa ya wati elfu mbili ikilia lisaa limoja inakula uniti mbili, na basi kama lile linaenda kama kilomita nne hivi kwa hizo uniti mbili. Na kama unalipa kwa kilomita, hizo uniti si zako hata, ni za mwenye betri. Mngeniambia hii nikiwa na miaka kumi na tisa ningeanzisha Sacco.

Ila ukimya wa hizi gari ni kitu cha kuzoea. Nimepanda ya kwenda Buruburu nikasikia simu za watu wote, mama mmoja alikuwa anamalizana na mume wake na basi zima tulijua deni ni la nani. Steji ndiyo balaa zaidi. Unajua ile mbinu ya dere kunguruma injini, anasogea mbele hatua mbili, anarudi, ili abiria adhani gari linaondoka arukie? Gari la stima halingurumi. Linasogea kimya, hakuna anayeshtuka. Basi konda anafanya kazi maradufu, anapiga bodi kwa kiganja mpaka inalia kama debe, na anapiga kelele mwenyewe ile kelele injini ilikuwa inamsaidia. Na wanaovuka barabara huku wakiangalia simu, tafadhali, hii kitu hamtaisikia.

Mvua pia iliwatia watu wasiwasi, ile mafuriko ya Aprili na Mei 2024 nilisikia abiria akimuuliza konda kama hatupigwi shoti ndani ya maji, konda akamjibu kama ni shoti si mimi ndiye nitaanza, niko mlangoni. Betri za hizi gari zimefungwa maji yasiingie. Dizeli ikimeza maji kwa injini ndiyo imekwisha, lakini hiyo hakuna anayeiogopa kwa sababu tumeizoea.

Nirudi kwa jambo la maana. Watu hupenda kusema mbona Shenzhen waliweza. Ndiyo waliweza, kufika mwisho wa 2017 mabasi yao yote 16,359 yalikuwa ya umeme, jiji zima, hakuna mji mkubwa ulikuwa umefanya hivyo kabla. Lakini pale jiji lilisema na kampuni chache zikasikia, ruzuku ikatoka juu, na BYD kiwanda chake kiko hapo hapo nyumbani. Dakar nao walifungua BRT yao (mabasi ya mwendo kasi) ya umeme 2024, mabasi 121 marefu ya kukunjika, barabara yao wenyewe, mwendeshaji mmoja. Sisi nani aambiwe? Nairobi haina mabasi ya jiji. Ilikuwa na Kenya Bus tangu 1934, Mzee Kenyatta akaruhusu matatu 1973, Moi akaleta Nyayo Bus 1986 nayo ikafa, na tangu hapo usafiri wa mji huu ni maelfu ya watu binafsi kila mmoja na gari lake moja, mawili, na mkopo wake. BRT yetu ina majina mazuri ya wanyama, Simba, Ndovu, Chui, na vituo vya Thika Road tumeviona vikijengwa, mabasi yenyewe ndiyo hatujayaona. Kwa hivyo hapa mji haubadilishi mabasi. Hapa anabadilisha shemeji yangu. Halafu jirani yake. Mmoja mmoja, na kila mmoja lazima benki ikubali.

Na benki ni kichwa ngumu, kwa haki yake. NQR ya miaka mitano benki inajua bei yake, ukishindwa kulipa wanaipiga mnada Jumamosi asubuhi na Jumatatu inabeba abiria. Basi la stima la miaka mitano litauzwa ngapi? Na bila betri, ambayo si yako? Hapa ndipo mimi mwenyewe huwa nasita. Kampuni yenye betri ikianguka, una bodi nzuri sana yenye viti na AC isiyoenda mahali. Najua wawekezaji wamemimina pesa, najua mabasi sasa yanaunganishwa hapa hapa Thika pale kiwanda cha KVM na si kuletwa mazima tu, najua kampuni ya Roam nao wako na mabasi yao, na hiyo yote inapunguza hofu. Haiiondoi. Mtu akiweka shamba la baba kama dhamana ana haki ya kuuliza betri ni ya nani mwaka wa saba.

Mafundi nao. Tembea Grogan, ile mitaa ya magereji na spea, Kirinyaga Road pale, uone ni watu wangapi wanakula kutokana na injekta, gasketi, klachi, pampu ya dizeli, oili. Basi la stima halina hata kimoja cha hivyo vitu. Breki zenyewe haziishi haraka, ju ukiachilia akseli mota inavuta nyuma na kurudisha umeme kwa betri, dere mzoefu akishuka kule Waiyaki Way kuja Westlands anaweza kukaa bila kugusa breki kwa muda na namba ya chaji inapanda mbele ya macho yake. Shemeji anasema hiyo tu ingemtosha, mwaka jana alibadilisha pedi za breki mpaka akawa anaziota.

Upande wa stima tuko sawa kuliko watu wanavyofikiri, na pia tuko vibaya kuliko wanavyotangaza. Karibu asilimia 90 ya umeme wetu ni wa mvuke, maji, upepo na jua, na ule mvuke wa Olkaria hauzimwi usiku, watu wakilala unatoka ardhini vile vile, na kuna usiku unaachiliwa tu uende hewani ju hakuna wa kuutumia. Ndiyo maana 2023 wakaweka bei maalum ya magari ya umeme, shilingi 16 kwa uniti na usiku kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi shilingi 8, kabla ya kodi na makato yale mengine. Matatu inalala wakati huo huo. Ukiangalia hivyo ni kama mvuke na matatu viliumbiwa kila kimoja mwenzake. Lakini hiyo ni nchi. Mtaani ni hadithi nyingine, na tusisahau 2023 nchi nzima iliingia giza zaidi ya mara moja, Agosti ile hata uwanja wa ndege wa JKIA ulizima. Dizeli hata stima ikipotea siku mbili unaenda na mtungi.

Na matatu inalala wapi? Hili ndilo swali linalosumbua Sacco ya shemeji saa hizi. Matatu nyingi za Nairobi zinalala kwa kituo cha mafuta. Unalipa kidogo, kuna mlinzi, kuna taa, asubuhi unaweka mafuta unaenda. Basi la stima lazima lilale penye chaja, na kama chaja iko mbali na mwisho wa njia yako unatembea kilomita kumi usiku na kumi alfajiri bila abiria hata mmoja, na kila moja inahesabiwa. Ukihesabu kwa ile shilingi 20 ya kilomita, hizo ni 400 kila siku za kwenda kulala.

Kwa hiyo wamemwendea mwenye kituo ambapo magari yao hulala, wakamwambia weka chaja, sisi tutakuletea mabasi kumi. Mzee hakukataa, alisikiliza vizuri sana, akatoa hesabu kwa kikokotoo cha simu. Mabasi kumi ya betri kama zile yanahitaji uniti elfu moja na mia tatu na kitu kila usiku, na laini inayoingia pale ni ya pampu, taa za paa na friji ya soda. Inahitajika transfoma yake peke yake. Yeye anasema Sacco ilete transfoma, Sacco inasema kituo ni chake na chaja itabaki kwake hata wao wakihama, na fundi wa stima waliyemwita alipima, akasema bei, wote wawili wakaangalia chini. Mkutano ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, shemeji ameniomba niende nimwandikie minti za mkutano, nani alisema nini. Nitawaambia nani alikubali kulipa.